Mwaka Niliomtembeza Nabintu

Matanga yalikuwa yamekwisha. Mikeka ilikunjwa, viti vya kukodi vilirudishwa, na nyumbani tulibaki sisi wa karibu tu pamoja na harufu ya makaa na vikombe ambavyo hakuna aliyetaka kuviosha. Ndipo Esther, binti wa kaka wa marehemu Nabintu, aliyepanda ndege kutoka Bukavu kuja kumzika shangazi yake, akaniuliza jambo ambalo naona alikuwa amelibeba tangu alipofunga sanduku lake. "Tantine Régine, usikasirike," alisema. "Kwetu bazee banasemaka mulimutilia kitu mu chakula. Alikuja huku mwaka moja, akasema atarudi, na hakurudiaka. Donc, mulimupatia nini?" Nilitaka kukasirika, na kwa umri wangu huu sihitaji kuomba ruhusa. Lakini Esther ana macho ya Nabintu, yale makubwa yanayouliza huku yamekwisha kucheka, na mimi nilikuwa nimelia wiki nzima. Nikacheka. Nikamwambia alale mapema, avae viatu vya kutembelea, kesho nitamwonyesha kila kitu tulichompa.

Nabintu alikuwa mke wa kaka yangu Faustin, na kwa hiyo alikuwa wifi yangu, au mulamu kama wanavyosema kwao Kivu. Tulipokutana mimi nilikuwa nimetoka tu sekondari, nangoja matokeo ya mtihani wa serikali, sina kazi wala haraka. Faustin alikuwa fundi wa injini. Alimwoa Bukavu alikokwenda kutengeneza mashine, akamleta kwetu Kisangani, na kabla bibi arusi hajajua mlango wa nyuma uko wapi, yeye akaitwa kwenye meli. Akashuka na mto kwenda Kinshasa. Zamani zile meli ikishuka Kinshasa hukuuliza itarudi lini. Mara injini, mara mchanga, mara mafuta. Nabintu akabaki kwetu na mama mkwe asiyemjua, katika joto ambalo watu wa Bukavu hawalijui, mbele ya sahani ambazo hakujua aanzie wapi.

Bado naiona sebule yetu ya mwaka ule. Viti vinne vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, meza ya katikati yenye maua ya plastiki, redio iliyofunikwa kama mtoto mchanga, na Nabintu amekaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, mikono mapajani, akitazama barabara. Alikaa vile asubuhi, alikaa vile mchana. Wala hakuwa mvivu. Kwetu, watu wa mto wa upande wa Yanonge, bibi arusi haingii jikoni mwa mama mkwe wake mpaka mama mkwe mwenyewe amwite awashe moto. Kabla ya siku hiyo yeye ni mgeni: huletewa maji, huletewa chakula, hushukuru. Wapo walioitwa baada ya wiki moja, wapo waliokaa miezi. Mama yangu hakuwa mtu mbaya, lakini hakuwa mtu wa kukimbilia. Alimwita Nabintu "bokilo", neno letu la Kilingala kwa mkwe, neno la heshima na la umbali, na alimpa sahani yenye maua ya buluu ambayo sisi wengine hatukuigusa. Nabintu alikula polepole kwenye sahani ile ya wageni na kila siku alizidi kukonda.

Siku moja Mama aliniita uani, mikono yake imejaa unga wa muhogo. "Régine, bokilo iko anaangalia barabara kila siku," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mutu mwenye anaangalia barabara, siku moja ataishika. Mutembeze. Akipenda muji, atabaki. Akiuchukia, Faustin atarudi akute kitanda iko wazi." Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi yangu ya kwanza maishani. Niliichukua kwa moyo wote, kwa sababu ilikuwa ni kusifu mji wangu, na kusifu mji wangu ni kitu ambacho mpaka leo hakinichoshi.

Wageni wa siku hizi hukosea mwanzo. Hupanda pikipiki saa sita mchana, jua likiwa utosini, wakakimbilia maporomoko ya Wagenia na simu mkononi, wakapiga picha, wakarudi hotelini kula kuku na viazi vya kukaanga, kisha wakaenda kwao kusema wameona Kisangani. Hawajaona kitu. Kisangani huanza mdomoni, asubuhi, karibu na soko, pale akina mama wanapokaanga mikate, yale maandazi ya duara, ukiyashika yanakuachia mafuta vidoleni na unayachovya kwenye chai ya maziwa. Hapo ndipo nilipoanza na Nabintu. Alikula moja, akala la pili, akaniambia, "Iyi iko sawa na ya kwetu." Nikaumia kidogo. Sikuwa nimemtoa nyumbani ili akumbuke kwao.

Basi nikampeleka mbele zaidi. Nilimpeleka kwa Mama Zaina, jirani yetu Mwislamu, ambaye ukoo wao ulifika huku zamani za wafanyabiashara waliovaa kanzu, na ambaye alipika wali kama hakuna mwingine mjini: mkavu, punje moja moja, wenye mafuta ya mawese na maharage pembeni. Nilimvusha mto kwa mtumbwi mpaka Lubunga, ameshika kingo kwa mikono miwili na kusali kwa Kishi, lugha ya kwao, ili tu ale samaki wa liboke kwa mwanamke mmoja wa kule. Nikuambie siri ya liboke: kabla hujakaa, tazama majani yanayofungia samaki. Ukiona yanaoshwa, kaa. Ukiona yanapanguswa kwenye nguo, endelea na safari. Nilimpa lituma, ndizi zilizopondwa mpaka zikawa donge laini, ambazo mtu wa kwetu hawezi kukaa wiki bila kuzila. Hiyo aliipenda. Lakini viwavi, mbinzo wetu wanono wa msimu, alivitazama sokoni vikijinyonganyonga ndani ya beseni, akanikamata mkono. "Régine, kwetu ivi ndjo vinakulaka maharagi. Sisi hatuvikulake vyenyewe." Mama muuzaji alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo, kila tukipita, alimpigia Nabintu kelele, "Mama wa maharagi, karibu!"

Tulikwenda pia Tshopo, alasiri, wakati maji ya maporomoko yanapopigwa na jua la upande na vijana wanaruka juu ya miamba kana kwamba mama zao hawapo. Tulikaa pale tunakula njugu. Akanieleza ziwa lao, na baridi ya asubuhi, na sambaza, dagaa wa kwao wanaokaangwa wakatafunwa pamoja na vichwa vyao. Aliongea kwa furaha sana kiasi kwamba nikaogopa. Niliuliza, nikimwita kama dada mkubwa, "Ya Nabintu, uko na mawazo ya kurudia?" Hakunidanganya. Alisema Tonton Déo, mjomba wake mwenye lori, alikuwa njiani na maharage ya Kivu. Akishapakia mchele na mawese atarudi Bukavu, naye Nabintu ameshamwomba Mama ruhusa ya kwenda kusalimia wazee, na Mama amekubali. "Kusalimia," alirudia, akatazama maji. Sote wawili tulijua. Nilikuwa sina dada. Miezi ile nilikuwa nimempata mmoja, na sasa alikuwa anangoja lori.

Kwa hiyo niliamua kumwonyesha Wagenia, ambayo nilikuwa nimeiweka mwisho kwa makusudi, kama mtu anavyoweka nyama pembeni ya sahani. Tulifika mapema, ukungu haujaondoka juu ya mto. Unajua kulivyo, au hujui: maji ya Kongo yanashuka kwa hasira katikati ya mawe, na juu yake wanaume wamesimamisha magogo na kuyafunga kwa kamba za msituni, na kwenye magogo wamening'iniza vikapu vikubwa, midomo yake mipana kiasi cha kumeza mtu. Kila ukoo una mahali pake. Hakuna anayeingiza kikapu katika maji ya ukoo mwingine. Papa Lisasi, mvuvi aliyenunua muhogo kwa Mama tangu mimi mdogo, alituita hadi kwenye mwamba wake. Kikapu kilikuwa kimetoka majini muda huohuo, na chini yake alilala samaki mmoja mnene, hana magamba, wa rangi ya kijivu, mdomo mzito. Nabintu aliinama. "Anaonekana kama anasinzia," alisema. Akamgusa.

Alikuwa yule samaki tunayemwita nina. Samaki huyo akiwa hai ana umeme, na umeme wake hupanda mkono mpaka begani. Nabintu alipiga ukelele wa Kishi ambao sijausikia tena, akaketi chini kwenye maji kwa kishindo, kitenge kikamfunika kichwa. Mwamba mzima ulicheka. Papa Lisasi alicheka, wanawe walicheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wote. Naye akaanza kucheka palepale alipokaa, maji yanamchuruzika. Papa Lisasi alimfunga nina kwa ukambaa, akampa. "Mama, huyu amekusalimia yeye mwenyewe. Iko wako. Peleka nyumbani, mukule." Tukarudi tukipita mjini na nina ananing'inia, Nabintu akiwa mbali naye kadiri mkono wake ulivyoweza.

Mama alimpika nina mchana ule ndani ya majani, na pilipili, na vitunguu vidogo. Aliufungua ule mfuko wa majani mezani, mvuke ukapanda, akaweka kipande cha kwanza kwenye sahani ya maua ya buluu. Nabintu alikitazama. Mkono wake, naamini, bado ulikuwa unamwuma. Akaisukuma sahani mbele, taratibu, kwa vidole viwili. Hakusema neno.

Hapa lazima nieleze, maana hata Esther nilipomfikisha hapa alinitazama tu. Kwetu mwanamke mwenye mimba haruhusiwi kula nina. Mtoto atazaliwa anatetemeka, ndivyo walivyosema bibi zetu. Na kwetu vilevile mimba ya kwanza haitangazwi kwa mdomo mbele ya mama mkwe; ni aibu. Mwanamke anapojijua, husubiri siku nina anapopikwa, akaisukuma sahani bila kusema kitu. Basi. Nyumba imeshasikia. Mimi mwenyewe niliona mkono wa Mama ukisimama hewani na kijiko. Macho yake yalijaa maji. Akaondoa sahani kwa mikono miwili, akaileta tena na maharage na yai, akaketi, akaimba kidogo puani.

Kuanzia hapo Nabintu hakugusa ndoo. Maji ya kuoga yaliletwa ya moto. Jua likizidi, Mama alimfuata na mwavuli. Matembezi yetu yalikatazwa, mtumbwi ulikatazwa, pilipili ilipunguzwa. Watu wa meli walipewa ujumbe wa kumfikishia Faustin huko chini. Na Tonton Déo alipofika na lori lake, akaja kusalimia na gunia la maharage, Mama alimpokea vizuri, akampa soda, halafu akamwambia kwa upole kwamba bokilo hawezi kusafiri msimu huu. "Ile barabara ya Lubutu, lori inalalaka mu matope. Hapana. Baadaye." Tonton Déo hakuelewa. Nabintu hakuelewa. Usiku haujaingia bado alinivuta chumbani kwake, akafunga mlango. "Régine, mimi iko na bugonjwa gani yenye banakataa kuniambia?"

Nikamweleza yote, habari ya nina, ya sahani, ya bibi zetu. Kwanza alicheka mpaka akauma mto ili Mama asisikie. Kisha akasema, "Sina kitu tumboni, mulamu. Hata kidogo." Nikamwambia amwambie Mama. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Nitaanzia wapi? Mama anaimba." Na kweli, kutoka uani, tulimsikia anaimba. Kwa mdomo haikuwezekana. Mambo hayo hayakusemwa kwa mdomo yalipoingia, na yasingetoka kwa mdomo. Tuliketi kitandani mpaka yeye mwenyewe akapata njia. Lori lilikuwa bado linapakia. "Niletee ule samaki," alisema. "Nitakula mbele yake. Ataelewa. Halafu nitaenda kwetu."

Nilikwenda Wagenia peke yangu. Njia nzima nilikuwa najua ninachokifanya: nilikuwa namfuata samaki atakayempeleka dada yangu Bukavu. Ningeweza kurudi mikono mitupu na kusema mto umekataa. Lakini alikuwa amenitazama na macho yale, na sikutaka abaki kwetu kwa sababu ya uongo ambao hata hakuutunga yeye. Papa Lisasi alinipa nina mdogo na hakuuliza kitu. Mama aliuliza. "Nani ameleta huyu, na sisi iko na mutu vile mu nyumba?" Nikasema nimepewa. Akaguna. Lakini nina hatupwi, akampika, na kwa Nabintu akaandaa sahani yake peke yake: sombe ya majani ya muhogo, yai la kuchemsha, kipande cha ndizi.

Tulikaa mezani watatu. Mama alifungua majani. Nabintu alisogeza sombe yake kando, akanyoosha mkono juu ya meza kuelekea kwenye majani yale. "Bokilo, te," Mama alisema haraka, kama unavyomwita mtoto anayekaribia moto. "Ile hapana yako." Nabintu alisimamisha mkono, akavuta pumzi. "Mama," alisema, "iko yangu." Akachukua kipande, akakitia mdomoni, akafumba macho kama anayemeza kwinini. Akatafuna. Kisha akafungua macho, ameshangaa. Nina ni mnono jamani, nyama yake ni laini na mafuta yake hukaa kwenye midomo. Alikula kipande cha pili na hakuwa anatoa ujumbe tena, alikuwa anakula. Sikuweza kumtazama Mama. Nilitazama mikono yake. Ilikuwa imelala mezani, viganja juu, kama mikono ya mtu aliyepokonywa kitu.

Alisimama, akaenda jikoni. Alikawia. Tulisikia kifuniko cha sufuria, tukasikia maji yanamiminwa. Nabintu alikuwa ameacha kula, machozi yanamdondoka kwenye samaki. Mama aliporudi, uso wake ulikuwa umeoshwa. Mkononi alikuwa na kichwa cha nina, ambacho kwetu ni cha mpishi na hakigawi kwa mtu. Akaondoa sahani ya maua ya buluu, akaweka mbele ya Nabintu sahani ya bati kama zetu, akakiweka kichwa kile juu yake. "Kama unakula, mwanangu, kula vizuri," alisema. "Usinililie juu ya samaki. Kesho utawasha moto wewe."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Nabintu jikoni, majivu mpaka kwenye nyusi, anapigana na kuni mbichi, na Mama amekaa juu ya kinu anamtukana kwa upendo. Tonton Déo alipiga honi nje. Akapiga tena. Mwishowe akaingia uani mwenyewe, ameshika funguo. "Nabintu, twende! Jua inapanda!" Alijibu bila kuinua kichwa, "Tonton, ngoja kwanza ndizi ziive." Mjomba alingoja, akala lituma, akala tena, akaondoka peke yake.

Yote haya nilimweleza Esther tukizunguka mjini, kwa pikipiki pale nilipochoka, kwa miguu pale nilipotaka aone. Alikula mikate. Alikula wali kwa mjukuu wa Mama Zaina. Viwavi alikataa, damu ni damu. Tulipokaa Wagenia juu ya mawe, aliniuliza kwa sauti ndogo kama baadaye mtoto alikuja. Hakuja. Faustin alirudi, akaenda, akarudi, miaka ikapita, vita vikapita juu ya mji huu, na mtoto hakuja kamwe. Na Mama, aliyeimba siku zile kwa ajili ya mjukuu ambaye hakuwapo, hakumwuliza Nabintu hata mara moja mpaka anakufa. Watu wakiuliza mbele yake, aliwafukuza na ufagio. Alipougua mwisho, hakutaka maji kutoka mkono mwingine ila wa Nabintu, hata mkono wangu. Niliona wivu, na nilishukuru, yote kwa pamoja.

Mwezi uliopita Nabintu alikuwa bado na nguvu za kukaa kitandani. Nilimwuliza kitu ambacho kwa miaka yote hiyo nilikiogopa: siku ile, alipokuwa ananyoosha mkono, alikuwa anakwenda kweli? Alitabasamu na midomo yake iliyokauka. "Nilikuwa nimeshafunga sanduku, mulamu. Nilikula ile samaki juu niende kwetu. Sasa Mama akaniongezea. Mutu ataondoka namna gani, na sahani yake ingali inajaa?"